Ukuta Usioonekana Ndani ya Muhogo

Mtu mwenye konzo aweza kulala mzima akaamka miguu imekakamaa. Ugonjwa huo, ulioelezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango, iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji, hauna tiba. Ulemavu wake ni wa maisha. Tanzania nayo imeuonja, wilayani Tarime mwaka 1985 na baadaye mkoani Mtwara. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, wanapokula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usioandaliwa vyema huku wakikosa protini ya kutosha.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni amri fupi: loweka, anika, usiharakishe. Amri hiyo ni sahihi, lakini amri isiyo na sababu huvunjwa siku njaa inapobisha hodi. Kinachopaswa kufundishwa ni kile kinachotendeka ndani ya seli ya muhogo.

Seli hiyo ni kama nyumba yenye vyumba. Katikati yake mna vakuoli, kifuko cha maji kinachohifadhi linamarini, kemikali yenye sianidi iliyofungwa ndani yake. Kwenye ukuta wa seli kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi, chenye uwezo wa kuifungua. Muda wote mmea ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Panya akitafuna mzizi, seli hupasuka, vitu hivyo hukutana, na sumu hutoka. Hiyo ndiyo silaha ya mmea.

Mwandaaji wa chakula huigeuza silaha hiyo imwokoe. Akiikuna au kuitwanga mihogo, au akiiloweka siku 3 au 4 hadi tishu zilainike, seli hupasuka kabla ya mlo. Sianidi inayofunguka huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, hivyo hupotea hewani. Lakini mzizi uliomenywa na kuanikwa bila kupondwa wala kulowekwa hukauka huku seli zake nyingi zingali nzima, na sehemu kubwa ya sumu hubaki katika makopa. Vivyo hivyo, maji yanayotokota hukiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Akina mama wanaotwanga kisamvu kwanza, kisha wakakipika, wanafuata utaratibu ambao maabara imekuja kuuthibitisha.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa hahitaji somo la botania, na kwamba mhudumu wa zahanati hana muda. Hoja hiyo inamdharau mgonjwa. Mkulima anayejua mbegu, udongo na majira hashindwi kuelewa vyumba viwili na ukuta kati yake. Tena, anayejua sababu hupata njia pale amri inapokwama. Unga wa muhogo mchungu ukiloweshwa, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1 na kuachwa juani saa 2 au kivulini saa 5, kimeng'enya kilichosalia huendelea na kazi yake, kisha unga hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Hilo halihitaji fedha wala siku nne za kusubiri.

Maelezo hayo pia yatazuia hofu isiyo na msingi. Muhogo mtamu una linamarini kidogo, na ukimenywa na kupikwa vizuri huliwa bila wasiwasi. Muhogo si adui; umeziokoa kaya nyingi wakati mahindi yalipokauka shambani.

Basi kliniki ya mama na mtoto katika maeneo ya muhogo mchungu iongeze dakika 5 za somo hilo, pamoja na kuhimiza samaki, mayai na nyama kadiri vinavyopatikana, kwa kuwa mwili huhitaji salfa ya protini ili uiondoe sianidi. Mtoto aliyekakamaa miguu hawezi kurudishwa alikokuwa. Mama yake angeweza kuelezwa mapema kwamba ndani ya muhogo kuna ukuta, na kwamba ni lazima uvunjwe kabla chungu hakijawekwa mekoni.