Saratani ya Ini na Njia ya Damu: Swali kwa Hospitali za Kilosa na Mikumi

Mgonjwa anapogundulika kuwa na uvimbe katika ini huko Kilosa au Mikumi, familia huuliza jambo moja: je, ni saratani? Ultrasaundi ya kawaida huonesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini mara nyingi haitoi jibu hilo. Hapo huanza safari ya kutafuta CT skani, Morogoro mjini au Dar es Salaam, takribani kilomita 300 kutoka Mikumi, na mkulima hulazimika kuuza mazao kabla ya wakati.

Ipo njia inayoweza kufupisha safari hiyo. Mgonjwa huchomwa mshipani dawa yenye viputo vya gesi vidogo kuliko chembe nyekundu za damu, na daktari huvifuatilia kwa ultrasaundi vikipita ndani ya ini. Ini hupata takribani robo tatu ya damu yake kutoka katika mshipa utokao matumboni, na sehemu iliyobaki kutoka katika ateri. Saratani ya ini, kinyume chake, hulishwa hasa na ateri. Kwa hiyo uvimbe wake aghalabu hung'aa mapema, kisha, baada ya dakika moja au zaidi, hufifia huku ini linaloizunguka likiendelea kung'aa. Gesi hiyo hutoka kwa pumzi, na hakuna mionzi. Marekani iliidhinisha dawa ya namna hii kwa uchunguzi wa ini mwaka 2016.

Kwa hospitali kama ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, njia hii haidai jengo jipya. Hudai mashine yenye programu maalumu, dawa yenyewe, na jicho lililofunzwa. Hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo husahauliwa wafadhili wanapoleta mashine.

Hata hivyo, kipimo humfaa anayefika mapema. Chanzo kikubwa cha saratani hii kwetu ni homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002. Wengi wa wazazi wanaojaza makanisa yetu walizaliwa kabla ya hapo. Ipo pia sumukuvu, ambayo watafiti wameikuta katika mahindi ya Kilosa, na ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mwenye virusi anayekula pia nafaka yenye sumukuvu yumo katika hatari kubwa zaidi. Walio katika hatari kubwa hupaswa kuchunguzwa ini kila baada ya miezi 6, kabla ya maumivu. Kwa anayefika tumbo limeshajaa maji, baada ya miezi ya mitishamba, viputo vitathibitisha tu kile ambacho macho yameshaona.