Meza ya sherehe haidai dola

Tangu benki zilipofunga milango mjini Goma, Januari 2025, pesa mkononi zimekuwa haba. Hata hivyo kuna wazazi wanaokopa ili kununua maua ya plastiki kwa meza ya komunyo. Deni hilo halina lazima. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na waridi hustawi katika baridi yake. Matawi machache yaliyokatwa asubuhi, yakiwekwa ndani ya birika kuukuu la koko, yanatosha. Yawe mafupi ili wageni waonane. Sahani za bati zilizobanduka rangi zisifichwe: zimelisha vizazi. Mgeni hahesabu dola mezani. Anatazama kama alikuwa anangojewa.