Nani Kasema Tusikilize Aina Moja?

Kuna ushauri anaopewa siku hizi kila mtu anayependa kuwagawia wenzake muziki: chagua aina moja, ushikamane nayo. Kama ni hip hop, iwe hip hop tu. Kama ni injili, usituchanganyie na singeli. Na ukishajulikana kuwa mtu wa muziki, usianze kutuletea habari za baiskeli na milima. "Utapoteza watu," wanasema.

Waache wapotee. Kila Ijumaa natoa nyimbo tano za wiki, za aina yoyote ile, na kila Jumamosi, mvua ikiruhusu, napanda baiskeli ya gia kutafuta mlima. Kwetu ni Mbeya, naishi Iringa, na katika mikoa hii miwili milima haitafutwi mbali. Kwangu mambo hayo mawili ni kazi moja. Na huo ushauri wa aina moja nasema wazi kuwa ni ushauri mbaya, kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Hebu niambie, Tancut Almasi Orchestra tuiweke kapu gani? Miaka ya 1980 makao yake yalikuwa hapa Iringa, ikilelewa na kiwanda cha umma cha kukata almasi. Mbele ya maikrofoni walisimama mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kwenye bendi hiyohiyo alikuwamo John Kitime, ambaye wengi wanamjua zaidi kwa Kilimanjaro Band, Wana Njenje. Magitaa yao yalikuwa na damu ya rumba, na rumba yenyewe ilikuja Afrika kwenye santuri za Kuba, ikapikwa upya Kongo, ndipo ikatufikia. Maneno yalikuwa Kiswahili. Sasa hiyo ni muziki wa Iringa, wa Kongo, au wa Kuba? Anayetaka jibu moja hajausikiliza.

Mashirika ya umma yalipoanza kufungwa na kubinafsishwa miaka ya 1990, bendi nyingi za namna hiyo zilikosa mlezi. Leo kuna kijana amezaliwa na kukulia Iringa ambaye hajui kwamba mji wake uliwahi kuwa na bendi iliyochezwa nchi nzima. Simlaumu kijana. Angeijulia wapi? Programu ya simu inampangia wimbo unaofanana na aliousikiliza jana, na kesho utakaofanana na wa leo. Mtu aliyeanza na Bongo Fleva ya mwaka huu atazungushwa humohumo mpaka azeeke. Hapo ndipo orodha ya mtu mwenye masikio inapohitajika. Wimbo usiotajwa na mtu hufa mara ya pili.

Mbeya nako ni hivyohivyo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kwaya na matarumbeta ya makanisa yao yamekuwa sauti ya Jumapili kwa vizazi. Ukishuka hadi Ziwa Nyasa utakuta habari za mganda, ngoma iliyochukua gwaride na tarumbeta za jeshi la kikoloni ikazigeuza mchezo wa vijiji. Mbeya Mjini ndiko Sugu, mmoja wa waliolisimamisha rap la Kiswahili, alikokuwa mbunge kuanzia 2010 hadi 2020. Rayvanny, aliyechukua tuzo ya BET mwaka 2017, kazaliwa Mbeya. Na usisahau kwamba kilomita kama mia moja kutoka mjini uko Tunduma, mpakani na Zambia. Upande mwingine uko Kasumulu, mpakani na Malawi. Malori yanaleta mizigo, madereva wanaleta nyimbo. Mji kama huo ukiuambia usikilize aina moja, umeuambia ufunge barabara.

Sasa baiskeli. Najua linalosemwa: hayo ni mambo ya wazungu, au ya watoto. Mchezo wa baiskeli za milimani tunaambiwa ulianzia California miaka ya 1970, vijana walipochukua baiskeli kuukuu, nzito, wakateremka nazo mlimani. Sawa, jina na mashindano ni yao. Lakini mkulima wa Rungwe anayeteremka kwenye njia ya matope na mikungu ya ndizi kwenye keria, breki zenyewe za kubahatisha, yeye tumwite nani? Hajavaa kofia ya plastiki wala hana gia ishirini na moja, lakini mlima anaujua kuliko mimi na wewe. Anayemtoa huyo kwenye mchezo ni yuleyule anayesema kwaya siyo muziki wa kuweka kwenye orodha. Ugonjwa wao ni mmoja: kitu hakitambuliki mpaka kipewe kapu na mtu wa mbali.

Halafu kuna suala la mwendo. Ndani ya basi unasikia alichoweka kondakta. Ndani ya gari lako unasikia ulichoweka wewe. Juu ya baiskeli inayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, unasikia watu. Unapita redio ya fundi cherehani yenye dansi la zamani, unapita kwaya kwenye mazoezi, unapita baa iliyokwishafunguliwa asubuhi, unapita watoto wanaoimba singeli iliyotoka uswahilini Dar es Salaam, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, nao wamevaa masweta ya baridi ya Mufindi. Mtaa mmoja, aina nne za muziki, na hakuna aliyegombana na jirani.

Na mlima ndio mhakiki wangu. Wimbo nausikiliza nyumbani. Nikitoka, hedifoni zinabaki mezani, maana kuziba masikio kwenye barabara ya TANZAM huku malori yanakuja nyuma ni kutafuta kifo. Nikifika Ipogolo, mji wa Iringa uko juu, pumzi iko chini. Wimbo utakaobaki kichwani katikati ya mteremko ule, miguu ikiwaka moto, huo una kitu. Uliobebwa na video peke yake unaachwa darajani. Nimeona taarabu ikipanda vizuri, nimeona nyimbo zenye mamilioni ya watazamaji zikishindwa kona ya kwanza.

Watasema bingwa wa aina moja anajua kwa kina. Kweli, na tunamhitaji. Atatuambia nani alipiga gitaa gani, mwaka gani. Lakini hata kina chake kina mlango wa jirani: huwezi kulieleza dansi bila Kongo, wala mganda bila gwaride, wala rap la Kiswahili bila mashairi tuliyokaririshwa shuleni. Bingwa asiyetoka chumbani kwake ataishia kuhesabu matofali ya ukuta.

Na wapo wasomaji wa fasihi watakaouliza haya yanawahusu nini. Shaaban Robert, tunayemwita baba wa Kiswahili, alikaa chini akaandika wasifu wa mwimbaji, Siti binti Saad. Hakuona kwamba kalamu yake imeshuka. Kuchagua wimbo na kusema kwa nini ni uhakiki, kama uhakiki wa riwaya.

Kwa hiyo nawapa wenzangu mnaogawa muziki changamoto. Nyimbo tano kwa wiki, zisizidi. Mmoja wa kwenu. Mmoja uliovuka mpaka. Mmoja uliokuzidi umri. Mmoja wa lugha usiyoijua. Na mmoja anaoupenda mdogo wako nawe unauona kelele; huo usikilize mara tatu kabla ya kusema neno. Kisha tokeni nje, kwa baiskeli au kwa miguu, mpande kilima chochote kilicho karibu bila kitu masikioni. Mkirudi, orodha itakuwa imepungua au imebadilika. Hiyo iliyobaki ndiyo mtupe.