Chembe za Jua na Kiporo cha Jana

Haya jamani, leo tuweke programu kando tuangalie jua.

Maelezo mengi hugawa milipuko ya chembe za jua zenye nishati kubwa katika aina mbili. Aina ya kwanza ni ya ghafla: huzaliwa na mmweko wenyewe, hudumu saa chache, ina elektroni nyingi na heliamu-3 mara elfu moja au zaidi ya kawaida. Ya pili huchukua siku kadhaa, imejaa protoni, na husukumwa na wimbi la mshtuko mbele ya wingu kubwa la plazma lililofyatuka kutoka kwenye jua.

Mimi nilipenda mgawanyo huu mara moja. Safu moja kwenye hifadhidata, 1 au 2, kazi kwisha! Siku hizi naona ni kosa la usanifu.

Chukua mwaka wa 2002. Mlipuko wa Aprili 21 na wa Agosti 24 ilitokea upande wa magharibi wa jua, mawingu yakienda kama kilomita 2,400 na 1,900 kwa sekunde. Yote miwili, aina ya pili. Lakini ukipima chuma dhidi ya oksijeni kwenye chembe kali zaidi, inatofautiana karibu mara mia, na wa Agosti ndio wenye chuma kingi, alama ya aina ya kwanza.

Wako wanaosema mmweko ulichangia moja kwa moja. Allan Tylka na wenzake walisema mshtuko hupasha kiporo: huokota chembe zilizoachwa na mimweko midogo iliyotangulia, na pembe yake na uga wa sumaku huamua zipi zitaenda mbali. Mimi niko upande wa kiporo. Chombo cha ACE, kilichorushwa 1997, kimekuta heliamu-3 ya ziada hata ndani ya milipuko ya polepole. Upepo wa jua peke yake hauwezi kuileta.

Si ubishi wa maabara tu. Agosti 1972 jua lilifyatua dhoruba kali ya chembe katikati ya safari za Apollo 16 (Aprili) na Apollo 17 (Desemba). Ilikuwa bahati tu kwamba hakukuwa na mtu mwezini. Programu ya tahadhari inayosoma mmweko wa leo bila kuuliza jua lilimwaga nini wiki iliyopita, mimi singempa mwanaanga aitegemee.

Ile safu ya 1 au 2 nimeshaifuta. Nahifadhi uwiano wenyewe.