Mkutano Mkuu si Ngoma ya Kutazama

Chama cha siasa kikialika wafuasi wake kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Maneno hayo yametuponza.

Kumbukeni Limuru, mwezi wa Machi 1966. Wajumbe wa KANU walibadili katiba ya chama. Kiti cha makamu wa rais wa chama, alichokuwa nacho Oginga Odinga, kikaondolewa, wakawekwa makamu wanane, kila mkoa na wake. Baada ya hapo uchaguzi wa viongozi wakuu wa chama haukufanywa tena mpaka 1978. Miaka 12! Mwanachama alikuwa na kadi mfukoni, lakini hakuulizwa amtaka nani.

Basi, ndugu, mkialikwa nendeni, wala msifuate kofia na soda tu. Ulizeni mapema: Wajumbe wa tawi letu wamechaguliwa na nani? Hesabu ya fedha itasomwa mbele yetu? Kura itapigwa lini? Asiyekuwapo na lake halipo. Na kadi isiyo na kura ni karatasi tu.