Rwigyema alianzia kambini, si Kabamba

Mwandishi, maisha ya Fred Rwigyema umeyaanzia kwenye shambulio la waasi dhidi ya kambi ya jeshi ya Kabamba, Februari 6, 1981, kana kwamba kabla ya bunduki hakuwa mtu. Alikuwa mtoto wa wakimbizi. Familia yake ilitoka Gitarama, Rwanda, akiwa mdogo, ikafikia kambi ya wakimbizi ya Nshungerezi huku Ankole, Uganda. Na ninyi mnaosema kwenye maoni hapo juu kwamba vijana wa Kinyarwanda walijaa jeshi la waasi la NRA kwa tamaa ya vyeo, kumbukeni Oktoba 1982: viongozi wa wilaya na vijana wa UPC, chama kilichotawala wakati huo, waliwafukuza Wanyarwanda majumbani mwao, ng'ombe wakaporwa, maelfu wakasukumwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga. Kijana wa aina hiyo angekimbilia wapi tena?

Mimi ni Mkongomani, nafundisha watoto hapa Nakivale. Nikienda Mbarara kununua madaftari, kila mara kuna anayeniuliza nitarudi kwetu lini. Swali hilo lilimfuata Rwigyema hata baada ya NRA kushika madaraka, alipokuwa meja jenerali na naibu waziri wa ulinzi; wapo waliolalamika kwamba Mnyarwanda hastahili cheo hicho, na mwaka 1989 akaondolewa. Oktoba 1, 1990 akavuka mpaka wa Rwanda pale Kagitumba na wapiganaji wa RPF, kundi la waasi wa Kinyarwanda, kesho yake akauawa. Ndugu zangu, tusimsifu shujaa huku tukisahau kilichomzaa. Mtoto anayezaliwa kambini apewe shule na haki ya kuitwa raia mahali fulani, kabla mwenye bunduki hajamfikia.