GARI LA NYUMBANI: Rimu Mpya na Taa Isiyozimika

Msomaji wetu mmoja wa Ulyankulu, mkoani Tabora, ametuletea swali ambalo bila shaka linawahusu wengi wenye magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Gari lake, lililoundwa mwaka 2014, lilitoka Uingereza. Lilikuja na rimu pana na tairi za ubavu mfupi, ambazo hazikuvumilia mashimo na visiki vya njia za huko. Rimu mbili zikapinda. Akanunua rimu nyingine nne, madhubuti zaidi, pamoja na tairi zenye ubavu mrefu. Tangu siku hiyo, taa ndogo ya manjano yenye umbo la kwato ya farasi na alama ya mshangao katikati imekataa kuzimika. Fundi aliyemfungia rimu amemshauri aizibe kwa utepe mweusi. Mama watoto naye amesema hatapanda gari hilo kwenda Tabora na watoto mpaka aelezwe taa ile inataka nini.

Tunasema waziwazi kwamba mama ana haki. Taa ile ni ya upepo wa tairi, na haikuwekwa garini kwa urembo. Nchini Marekani, baada ya ajali nyingi za magari ya Ford Explorer yaliyofungwa tairi za Firestone, ambazo zilikuwa zikibanduka zikiwa katika mwendo, ilipitishwa sheria mwaka 2000, na kutokana nayo kila gari dogo jipya la kuanzia Septemba 2007 lilitakiwa kuwa na chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zikafuata, na kufikia Novemba 2014 magari madogo mapya yote yaliyouzwa huko yalilazimika kuwa nacho. Japani haikuweka sharti hilo, na ndiyo sababu magari mengi tunayoyaona katika barabara zetu, yaliyotoka huko, hayana taa hiyo kabisa. Fundi aliyezoea magari ya Japani aghalabu hana habari na kitu kilichomo ndani ya rimu za gari la Uingereza.

Kitu chenyewe ni nini? Magari haya yana namna mbili. Katika namna ya kwanza, kila gurudumu lina kihisi chake, ambacho mafundi wa mjini hukiita sensa. Ni kijisanduku kidogo kilichofungwa ndani ya rimu kwenye shina la valvu, na kina betri yake. Hupima upepo, kisha huupelekea mtambo wa gari habari kwa mawimbi ya redio, kikitaja namba yake cha peke yake. Gari huzifahamu namba za vihisi vyake vinne tu. Ukifunga rimu zisizo navyo, gari hungoja habari zisizokuja, na hatimaye huwasha taa. Katika namna ya pili hakuna kitu ndani ya rimu. Gari hutumia vipimo vya mwendo vya breki za ABS, kwa kuwa tairi lililopungukiwa upepo huwa fupi kidogo na huzunguka upesi kuliko wenzake.

Ndugu yetu aangalie kwanza taa yake inavyowaka anapowasha gari. Katika magari mengi, ikipepesa kwa muda wa dakika moja hivi kisha ikatulia bila kuzimika, maana yake mtambo wenyewe una kasoro, kama vile kihisi kutosikika. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, inasema kwamba upepo umepungua. Kisha azitazame rimu zake za zamani. Shina la valvu likiwa la chuma na limekazwa kwa nati, mara nyingi kuna kihisi nyuma yake. Lakini vipo pia vyenye shina la mpira, kwa hiyo lililo la uhakika ni kuchungulia ndani ya rimu.

Akikuta kwamba gari lake ni la namna ya pili, shida ni ndogo. Ajaze upepo sawasawa katika tairi zote zikiwa baridi, kisha alifundishe gari upya kwa kitufe au kwa njia iliyoelezwa katika kitabu chake. Asibonyeze kitufe kabla ya kupima, maana gari litaupokea upepo mbaya kama ndio mzuri, na halitamwonya tena.

Akikuta vihisi, basi asiziuze zile rimu kuukuu wala asizitupe kwa wakusanya vyuma vikiwa bado vimo ndani. Vinaweza kuhamishwa. Tairi hubanduliwa, kihisi hufunguliwa, na kufungwa katika rimu mpya kwa mpira wa kuzibia mpya na nati mpya. Kabla ya hapo hapana budi kuhakikisha kwamba tundu la valvu la rimu mpya linalingana na shina lake, na kwamba umbo la ndani la rimu linakiachia kihisi nafasi. Nati ikazwe kwa spana yenye kipimo. Shina la alumini halipendi ubabe.

Lakini gari ni la mwaka 2014. Betri ya kihisi haibadilishwi, nayo huishi miaka mitano hadi kumi. Kama vihisi ni vile vile vilivyotoka kiwandani, kuvihamisha ni kulipa ufundi mara mbili. Afadhali anunue vipya sasa. Anunuapo ataje aina ya gari na mwaka wake, kwa maana magari ya Ulaya husikiliza mawimbi ya megahezi 433, na ya Marekani na Japani kwa kawaida 315. Kihisi cha mawimbi mengine ni sawa na bubu. Vipo vihisi vinavyoweza kuandikwa namba za vile vya zamani kwa chombo maalumu, na gari likavipokea kama wenyeji wake. Kazi hiyo aitafutie karakana yenye chombo hicho, na aulize kabla ya kusafiri.

Vile vifuniko vya kisasa vinavyoskurubiwa juu ya valvu kwa nje, vyenye kioo chake cha kusomea, ni vya bei nafuu na hupima kweli. Hata hivyo havitaizima taa ya gari, na vinachomoza mahali ambapo jiwe, kisiki, na mikono ya watu huvifikia kwa urahisi.

Jambo jingine ni pancha. Vijijini fundi huzoea kubandua tairi kwa nyundo na vyuma, na pengine kulitia mpira wa ndani tairi lisilouhitaji. Mwenye vihisi amwambie fundi mapema, tena achore alama ya chaki ubavuni mwa tairi penye valvu, ili nyundo ianze mbali na hapo. Mpira wa ndani nao hauwezi kukaa pamoja na kihisi, kwa kuwa tundu la valvu ni moja.

Na ikiwa hana fedha za vihisi vipya msimu huu? Gari litatembea. Litakuwa kama magari mengine ya jirani zake yasiyo na taa hiyo, ila yeye atajua kwamba ameondokewa na mlinzi, na kila atakayeliendesha ajue. Utepe mweusi tunaukataa kwa sababu unamficha huyo mlinzi aliyeondoka: kesho gari likiazimwa na shemeji, au likiuzwa, mtu atadhani yote ni salama. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito hujikunja kila linapozunguka, hupata moto, na mwisho hupasuka, aghalabu gari likiwa katika mwendo mkali na watu wamejaa.

Kwa hiyo anunue geji. Hata mwenye vihisi vizima anaihitaji, kwani kwa kanuni ya Marekani taa hungoja mpaka upepo upungue kwa robo: gari la kipimo cha 32 huonywa likifika 24. Tena kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilikuwa cha tairi za kwanza. Kwa hizi mpya amwulize muuzaji kipimo kinachofaa kwa ukubwa wake na mzigo wa gari. Apime kila wiki, asubuhi, kabla jua halijazipiga tairi, maana upepo hupanda karibu pauni moja kwa kila nyuzi sita za joto zinazoongezeka. Tairi lililopata moto njiani lisipunguzwe upepo, kwa sababu likipoa litakuwa na upungufu.

Yafaa pia atazame tairi la akiba. Mara nyingi halina kihisi, na siku atakapolifunga taa itawaka hata vile vingine vikiwa vizima. Lipimwe pamoja na mengine, na lipimwe kabla ya safari ya Tabora.